Kumkomboa Njiwa

Jumanne, 4 Juni

Daftari hili binti yangu alinipa niandike presha, asubuhi na jioni. Yeye ni muuguzi, kwake kila mtu mgonjwa. Leo sipimi kitu. Leo nimemwona Njiwa!

Nianze mwanzo. Asubuhi alikuja mtu kibandani kwangu. Mrefu, miwani minene, viatu vinang'aa kuliko uso. Anakusanya magari ya zamani. Ana Pijo moja haina viti kabisa, anatafuta fundi anayejua viti vya wakati ule. Watu wamemwambia, nenda kwa yule bibi mwenye mdomo. Nikamwambia mdomo ndio huu, mikono ndiyo hii, twende ukanionyeshe kazi.

Tukafika kwake. Ua mkubwa, paa la mabati, magari yamepangwa kama ng'ombe zizini. Ile isiyo na viti iko mlangoni. Nikatoa kamba yangu ya kupimia. Nikainua uso — na kule nyuma, pembeni, Pijo nyingine. Ya kijivu. Mapezi yale ya nyuma. Taa ya kulia imelegea kidogo, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

Moyo ukafanya paa!

Nikaenda mdogo mdogo kama mtu anayetafuta pa kutemea mate. Nikafungua mlango wa nyuma. Viti vyekundu. Nikapitisha kidole kwenye mshono. Unalala kushoto. Mimi natumia mkono wa kushoto — mwalimu alinichapa mpaka darasa la nne nilipoacha shule, na mkono haukubadilika. Mshono wangu huo. Viti vyangu. Teksi ya marehemu mume wangu!

Bwana Miwani akauliza, vipi bibi, umeipenda? Nikamjibu, gari kuukuu tu hili, linanuka panya. Muuzaji asijue una kiu.

Akasema hiyo anaiuza. Kuna mwenye hoteli anaitaka aipaki mlangoni kwake, wageni wapige nayo picha. Atampa jibu mwisho wa mwezi.

Ipigwe picha! Njiwa!


Jumatano, 5 Juni

Kazi haikwenda leo. Nimeshona foronya ya kiti ndani nje, nikafumua, nikashona tena ndani nje.

Mawazo yako kule. Nilikuwa msichana, najifunza kwa fundi mkuu, ndevu zake zimejaa nyuzi. Akaja dereva wa teksi na kiti kimechanika. Nikakishona. Wiki iliyofuata huyo tena, kiti kimechanika. Wiki nyingine, huyo! Fundi mkuu anachekelea, pesa inaingia. Mimi nikamwita yule dereva pembeni. Nikamwambia, wewe, abiria akichana kiti huchana ovyo, kama panya. Huu mkato umenyooka. Unakata mwenyewe kwa wembe.

Akaangalia viatu vyake. Akasema, na wembe unaniishia, dada. Bora nije kuposa.

Ndiyo ndoa yangu hiyo. Watu wanaandikiana mashairi, mimi nimeposwa kwa wembe.

Madereva wenzake walimwita Taratibu, maana hakukimbia hata abiria akipiga kelele. Mimi aliniita Kushoto. Gari akaliita Njiwa kwa ile rangi, na kwa sababu, alisema, njiwa hata ukimwachia wapi anarudi kwao.

Tulipooana nikamvisha Njiwa reksini nyekundu, ile ngozi ya bandia, viti vyote. Roli ikaisha katikati, nyingine ikaja nyekundu iliyoiva zaidi. Basi maegemeo rangi moja, makalio rangi nyingine. Yeye akawa anawatania abiria: mke wangu amenishonea jua, umeegemea linalochomoza, umekalia linalozama. Wanacheka, wanasahau njia ni ndefu na dereva ni Taratibu.

Kitambaa cha kijivu cha kiwandani sikukitoa. Fundi mkuu alinifokea mno. Kazi safi, alisema, unavua cha zamani kwanza. Sikutaka! Ile mikato ya wembe ilikuwa mle, na mishono yangu ya usichana juu yake. Nikafunika tu juu kwa juu. Fundi mkuu akasema nitaaibika siku moja.


Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Bwana Miwani kuuliza bei. Nimejifanya naulizia jirani. Alivyoitaja nikakaa chini. Bei ya nyumba ya vyumba viwili na choo ndani!

Taratibu aliliuza kwa bei ya figo zake. Kwa kweli alilipa hospitali tu, hakubaki na kitu. Siku ile aliliosha mwenyewe, anapumzika kila tairi. Akampa mnunuzi ufunguo, akamwonyesha ule mlango wa nyuma wa kushoto — ukiufunga uunyanyue kidogo kwanza, la sivyo unafunguka njiani. Akarudia mara nyingi. Unyanyue kidogo, kaka. Usisahau. Kama mtu anayeacha mtoto kwa watu. Kisha tukarudi kwa miguu.

Sasa ni gari la kale, kumbe. Kuukuu likikaa kwa maskini ni takataka, likikaa kwa tajiri ni hazina.

Nimeamua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumatatu naenda benki.


Jumatatu, 10 Juni

Benki! Nimevaa kitenge kizuri, viatu vya kubana. Nimekaa foleni mpaka miguu imevimba. Kijana wa mikopo ana tai fupi na sauti ya kubembeleza wagonjwa.

Bibi, una umri gani?

Umri wa kukuzaa na kukuchapa, nikamwambia.

Akacheka kidogo, akaandika. Akasema mkopo wa gari watu hulipa miaka mitano. Sasa bibi, ukimaliza kulipa utakuwa... Akawa anatafuta neno la adabu.

Nitakuwa nimemaliza kulipa, nikamwambia. Endelea.

Akauliza gari lenyewe la lini. Nilipomtajia akaweka kalamu chini. Benki haikopeshi gari lililozidi miaka kumi, maana gari ndilo dhamana. Bibi usipolipa, sisi tuuze nini? Nikamwambia, kwa hiyo mimi mzee na gari zee, tukikutana wawili benki inashikwa na homa? Akasema kwa adabu, ndiyo bibi.

Si mbaya yule. Amenisindikiza hadi mlangoni. Akaninong'oneza kwamba kuna njia nyingine: niweke nyumba rehani. Nikamuuliza, nyumba yako ungeweka? Akasema hana nyumba. Nikamwambia ukiipata ndipo urudi unishauri.


Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kwa Vifungo. Anauza vifungo na nyuzi, ndiye shoga yangu, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuchangiana. Kila mwezi mmoja wetu anabeba chungu, yaani michango yote. Zamu yangu ni mwakani. Nikamwomba tubadilishane, ya kwake ni mwezi huu.

Akakuna kichwa. We mwanamke, mimi zamu yangu nilishaipangia. Bati la duka linavuja. Wewe unataka kununua nini?

Nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta! Gari! Wewe! Unajua hata mguu wa breki ni upi? Nikanuna. Akacheka tena. Halafu akaacha kucheka. Akasema, ni lile lililonipeleka kujifungua? Nikasema ndilo. Akasema, Taratibu aliendesha siku ile kama anabeba mayai, mimi nalia kimbia, yeye ananiambia dada, mtoto hana gia, atakuja kwa mwendo wake. Na alikuja mlemle, kwenye kiti chako, kabla hatujafika!

Kweli. Nilikifuta kile kiti mwenyewe. Reksini inafutika, kitambaa kingekufa.

Amesema atafikiri. Bati lake linavuja kweli, nimeliona, ndoo iko chini ya rafu ya zipu.


Jumapili, 16 Juni

Watoto wamekuja. Nilitaka kusema polepole baada ya kula. Nikasema kabla ya kula. Ndivyo nilivyo.

Mwanangu mkubwa yuko kampuni ya bima. Yeye hesabu tu. Mama, akaanza, hiyo pesa ukiiweka mahali fulani itazaa. Gari la kale linakula. Spea hakuna, mafuta linakunywa, bima yake ni balaa. Mimi nitakukopea kwa mshahara wangu nikununulie kigari kipya kidogo, cheupe.

Sitaki gari, nikamwambia. Namtaka Njiwa.

Binti yangu muuguzi akauliza neno moja tu. Mama, nani ataendesha?

Mimi! Miaka yote nimekaa kiti cha abiria, kushoto kwake, nimeshika kikapu. Sijui hata kuliwasha. Nikasema, litakaa hapo uani, nami nitakaa ndani yake, kuna ubaya gani? Binti akasema taratibu, mama, hapo tofauti yako na mwenye hoteli ni nini?

Nimemwambia aoshe vyombo.

Lakini neno lake limenikaa kooni mpaka sasa. Njiwa hakuwa pambo. Njiwa alifanya kazi.


Jumanne, 18 Juni

Leo nimeinama mvunguni kabisa. Nimekwenda kwa Bwana Miwani nimemwambia ukweli nusu. Kwamba nalitaka mimi, si jirani. Kwamba pesa yote sina. Akasema wengi wanakuja hivyo, bibi, wanapiga picha wanaondoka. Nikamwambia mimi sina hata simu ya picha.

Nikamuuliza, hii Pijo isiyo na viti, na yale mengine matatu yenye viti vilivyooza, nani atayashona? Na kwa pesa gani? Fundi wa mjini atakung'oa meno. Mimi niko hapa. Nipunguzie bei, nitatanguliza kiasi, kilichobaki nikulipe kwa mikono. Viti vya magari yako yote mpaka tuwe sawa.

Akavua miwani, akaifuta. Macho yake madogo bila ile miwani, kama ya mtoto. Akasema hajawahi kuuza hivyo. Nikamwambia mimi nimewahi kununua hivyo. Cherehani yangu kubwa niliinunua kwa kushona mapazia ya nyumba nzima ya aliyeiuza.

Akasema, tangulizo lazima liwe la maana. Na bei aipange mthamini, asije akajipunja. Anakuja keshokutwa. Na mimi niwepo.

Nimerudi natembea kama msichana. Vidole vinauma lakini vinauma kwa raha.


Alhamisi, 20 Juni

Nimemeza mengi leo. Niyatapike hapa.

Mthamini ni mtu mfupi mwenye tochi. Akalizunguka gari, akagonga bodi, akasikiliza kama daktari. Bodi nzuri, akasema. Injini ya kwake yenyewe, vizuri sana. Bwana Miwani anatabasamu. Mimi napanda presha kwa kila sifa, maana kila sifa ni pesa.

Kisha akafungua mlango. Akasema, la! La la la! Nani amefanya hivi?

Viti vyangu.

Akasema hii ndiyo hasara yenyewe. Kitambaa cha kiwandani kimeng'olewa, wamebandika matambara ya reksini, tena rangi mbili! Fundi kipofu huyu. Gari la kale thamani yake ni kila kitu kiwe cha asili. Viti vingekuwa vya asili, bei ingekuwa karibu mara mbili. Kwa matambara haya, bwana, punguza sana.

Matambara! Fundi kipofu! Mikono ilinijia juu yenyewe. Nikaiweka nyuma ya mgongo. Mimi, ambaye nimemfukuza diwani kibandani kwangu kwa kunikosoa pindo! Nilisimama pale nimeuma ulimi. Kila tusi lilipunguza bei, nikawa naombea atukane zaidi. Akataja pia kwamba mshono umelala upande. Asante, nikasema moyoni. Ongeza.

Bwana Miwani alisikitika. Alisema mwenye hoteli alimwambia wazi: viti vikiwa vya asili analipa anachoambiwa, visipokuwa vya asili hana haraka. Basi bibi, akasema, nadhani ni lako, ukileta tangulizo. Tutaandikiana mwisho wa mwezi.

Hakuna aliyeniuliza kama kitambaa kipo chini. Wameona reksini, wakasema kimeng'olewa. Fundi yeyote mwenye akili angeking'oa. Mimi peke yangu sikuking'oa. Sikudanganya. Nimenyamaza tu.

Kunyamaza si kudanganya.


Ijumaa, 21 Juni

Presha nimepima. Iko juu. Nimeandika ya chini kwenye kikaratasi nitakachompa binti.


Jumamosi, 22 Juni

Vifungo amekuja na mwavuli hali hakuna mvua. Akauweka mezani kwangu. Akasema, chukua chungu, zamu yangu yako. Bati nitaliziba kwa lami. Niliuliza kwa nini. Akasema mwanangu yule aliyezaliwa kwenye kiti chako yuko mbali, hanipigii simu. Nataka siku moja nikae pale tena, nikumbuke siku aliyokuwa hana pa kwenda.

Tulilia kidogo. Kisha tukasengenya watu, tukawa sawa.

Mwavuli ule je? Nikamuuliza. Akasema, hukumbuki? Ni ule niliousahau kwenye Njiwa, Taratibu akarudi nao kutoka mwisho wa mji, usiku umeingia, na abiria wake wa mwisho bado yuko ndani ananung'unika. Kwa mwavuli! Ulikuwa umevunjika ubavu mmoja hata wakati huo.

Ndivyo alivyokuwa. Chenji ya mtu ikibaki mkononi mwake ilimwasha kama upupu. Nilimgombeza sana kwa hilo. Mafuta ya kurudisha chenji yalizidi chenji yenyewe.

Kwa nini Vifungo alete mwavuli ule leo?


Jumapili, 23 Juni

Mwanangu wa bima amekuja peke yake. Amesema, nipeleke nikalione hilo gari kabla hujanisainia ujinga.

Nilimpeleka. Njia nzima anahesabu: bima, leseni, matairi, mafundi. Tukafika. Akaacha kuhesabu. Akalizunguka. Akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akachungulia, akaingia, akakaa pale alipokuwa akikaa udogoni, magoti yamemfika kidevuni. Akatoka. Akafunga mlango — na mkono wake, wenyewe, ukaunyanyua kidogo kwanza.

Ukafunga. Klak.

Alisimama ameshika kitasa. Mtu mzima, ana mvi. Akasema, mama, sikukumbuka kwamba nakumbuka.

Tukiwa njiani akasema Jumapili ataendesha yeye. Na siku za harusi tukodishe, maharusi wanapenda gari kama hili, lijilipie mafuta. Bima juu yangu, mama, bila malipo, usimwambie bosi. Binti naye amepiga simu, anataka ajifunze gia ya usukani. Aliuliza nani ataendesha, sasa wako wawili wanagombania!

Niseme nini? Nilitaka nifurahi tu. Nimefurahi. Lakini kuna kijiwe kwenye kiatu.


Jumatatu, 24 Juni

Mvua. Ndoo ya Vifungo imejaa mara mbili, nimemsaidia kumwaga.


Jumanne, 25 Juni

Bwana Miwani amepita kibandani. Ana haraka, ana furaha. Amesema kesho nianze kazi ya kwanza, ile Pijo isiyo na viti. Kitambaa ameshapata, cha kijivu, kinafanana kabisa na cha kiwandani. Kilichobaki ni ramani ya kukatia. Akasema, bibi, ramani tutaichukua kwenye gari lako, viti ni vilevile. Fumua yale matambara, upime kiti chenyewe, ukate.

Gari lako, alisema.

Sihitaji ramani. Nimeshona viti vya Pijo ile mpaka mikono inaota. Ningeweza kumwambia hivyo, nikakata kwa macho, na hayo matambara yakabaki yamefunga mdomo milele. Neno moja tu. Bwana, mimi ramani ninayo kichwani. Si uongo hata kidogo!

Sikulisema. Nikasema, haya, kesho.

Kwa nini sikulisema? Mwanamke mjinga mimi. Nadhani nataka kuiona ile mikato. Nitakufa sijaiona tena. Na njia moja tu ya kuiona ni kufumua.

Ningefumua nikishalipata, uani kwangu, peke yangu. Hilo nalo nimelifikiri. Nimelifikiri sana. Nimelifikiri mpaka nikaona sura ya Taratibu, ameshika chenji ya mtu, anatafuta ufunguo wa gari.


Jumatano, 26 Juni

Naandikia ndani ya Njiwa. Daftari liko juu ya usukani.

Nimefika asubuhi na begi la zana. Bwana Miwani amenifungulia, akasema atanichemshia chai mwenyewe, mkewe hayupo. Ni mpole huyu mtu. Ningependa awe mwizi, ingekuwa rahisi.

Nikaanza na kiti cha dereva. Sponji imebonyea pale pale, upande wa kulia zaidi, maana alikaa ameegemea mlango. Nimekaa juu ya lile shimo kwanza. Hakuna aliyeniona. Mguu umefika kwenye breki — Vifungo, ni ule wa katikati!

Kisha nikatoa wembe. Nimecheka peke yangu. Yeye alikata kwa wembe ili aje kwangu, sasa mimi nakata kwa wembe ili nifike kwake. Uzi wangu bado mgumu. Fundi kipofu, eti! Uzi wa miaka yote hii na haujalegea hata mmoja, kila fundo nimelikata kwa jasho. Nikavuta reksini ikaachia polepole, inatoa ile sauti ya plasta.

Kijivu!

Kisafi kama jana. Reksini imekilinda na jua, na vumbi, na makalio ya mji mzima. Mistari yake midogo ya kiwandani inaonekana yote. Na hapa pembeni, mikato mitatu. Imenyooka. Juu yake mishono ya msichana, mibaya, imepinda, imelala kushoto. Nimeigusa mmoja mmoja. Wa tatu ni mfupi. Huo ndio wa siku nilipomwita pembeni. Labda alikuwa ameshaanza kuona haya. Au wembe ulikuwa unaisha kweli.

Mthamini angesemaje? Mikato mitatu iliyoshonwa, midogo tu, ubavuni. Vilivyobaki vyote vya asili. Karibu mara mbili, alisema. Mwenye hoteli analipa anachoambiwa. Na siku nne zimebaki, hatujaandikiana kitu. Chungu cha Vifungo kiko kwenye begi langu, kimefungwa kwenye kanga. Mwanangu ameshaninunulia kifuniko cha usukani. Binti amenitumia ujumbe: mama, umemeza dawa? Njiwa hajambo?

Reksini nimeishika mkononi. Nikiirudisha, pini ndogo tano, hata dakika haiishi. Ningemwambia ramani nimeipata.

Taratibu, wewe ndiye uliyeniletea mambo haya. Ungechana kama panya kama watu wengine!

Huyo, sauti yake uani. Anauliza sukari vijiko vingapi. Nimemwambia viwili. Anauliza tena, bibi, vipi, ramani imepatikana? Chini kukoje, kumeoza?

Nimemwambia: weka hiyo chai chini, uje na miwani yako.

Viatu vyake hivyo vinakuja kwenye kokoto. Mkono umeshika reksini.

Sijafunika.